Kompyuta ya Mama Zaina imekataa kuamka

Bandugu wangu wa Likasi, leo nimepata aibu mchana kweupe, mbele ya watu waliovaa nguo za sherehe. Ninawaandikia haraka kabla habari haijawafikia kwa treni. Ikija kwa treni itakuwa imetiwa chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Niliwaambia kwamba nimepata mlango wa kazi huku mtaa wa Bel-Air, kwenye shule ya Mama Zaina inayofundisha wasichana kupiga taipu. Mama Zaina ni mjane wa watu wa Maniema, mwembamba, sauti yake ndogo, na mpaka leo sijaona mtu wa kumbishia. Nilianza kwa kuzitia mafuta mashine zake za taipu na kurudisha herufi zilizong'oka. Halafu kaka yake, anayefanya biashara na Lusaka, akaanza kumletea kompyuta vipande vipande. Safari ya kwanza alileta sanduku la chuma, pamoja na disketi moja ndani ya karatasi yake. Safari ya pili akaleta bamba la kijani lililojaa vijumba vyeusi, kama mji unaoangaliwa kutoka kwenye ndege (ndege sijapanda, lakini huwa ninawaza). Safari ya tatu, jana, skrini na kibao cha herufi. Na kitabu cha Kiingereza. Kiingereza sikijui, ila picha ninazisoma vizuri sana.

Jana hiyohiyo Mama Zaina aliniita pembeni.

"Citoyen Ngoy, kesho bazazi beko banakuya kuona. Kama inawaka, weye njo fundi wa masomo. Utakuwa na meza yako na ufunguo. Kama haiwake, nitaita mutoto ya shangazi yangu. Ye alimalizaka shule."

Mnanijua. Tangu nilipoacha darasa la pili la sekondari nimefanya kazi tisa katika miji mitano, na hakuna hata moja niliyopewa meza. Nikishajua kitu kinafanyaje kazi, miguu inaanza kuniwasha. Hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho mwisho wake sikuuona, na kwa mara ya kwanza nilitaka kubaki mahali.

Basi leo asubuhi nilikaza skrubu ya mwisho, nikabonyeza.

Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi kama chungu. Kisha sanduku likalia: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Nikazima, nikawasha. Mrefu, mfupi, mfupi.

Jambo hili lilinifurahisha kuliko inavyostahili. Redio ikifa inanyamaza, na wewe unabaki kuikisia. Hii ilikuwa mgonjwa anayeonyesha mahali panapouma. Nikapekua kitabu mpaka nikakuta ukurasa wenye mistari na nukta, na pembeni ya mstari mmoja na nukta mbili kuna picha ya skrini. Nikafungua sanduku. Kadi ya skrini, bamba dogo linalochomekwa kwenye lile kubwa, ilikuwa imeinuka upande mmoja: nilipokaza skrubu yake huku, iling'oka kule. Nikaisukuma ikaingia kwa mlio wa "kak". Nikawasha tena.

Namba za kijani zikaanza kupanda. Sitini na nne. Mia na ishirini na nane. Zikapanda mpaka mia sita na arobaini, zikasimama. Mama Zaina alikuwa amekuja nyuma yangu.

"Iko inahesabia nini?"

"Akili yake, Mama. Inaangalia kama yote iko."

"Kila siku?"

"Kila wakati unaiwasha."

Akatikisa kichwa polepole. "Shi ni kama mie na banafunzi asubuhi."

Hapo nilikuwa mtu mkubwa. (Ilidumu kama dakika nne.) Nikaenda kwenye kabati la chuma, nikaleta disketi, nikaitia mdomoni mwa mashine kwa vidole viwili, kama padri anayegawa komunyo. Kitabu kilionyesha wazi: kompyuta yenyewe inajua kuhesabu tu, mengine yote yako kwenye disketi. Taa nyekundu ikawaka. Ndani kukakoroma, krrr, krrr. Kisha yakatokea maneno mawili matatu ya Kiingereza, na ikakaa kimya.

Nikabonyeza herufi yoyote kwenye kibao. Krrr, krrr. Maneno yaleyale.

Nikazima. Nikafungua. Nikageuza waya mpana unaokwenda kwenye mdomo wa disketi; taa ikawaka isizimike tena, nikajua nimeukosea, nikaurudisha. Nikabonyeza kila kijumba cheusi kwa kidole gumba. Nikachomoa kadi zote, nikapangusa meno yake kwa kifutio cha penseli, nikazirudisha. Krrr, krrr. Nilimtafuta mkosaji ndani ya lile sanduku kwa saa nzima, na mkosaji alikuwa amesimama nje yake, amevaa suti ya abakosti niliyoazima.

Wazazi wakaanza kuingia. Akina baba wachache, akina mama wengi, wamejifunga vikwembe vipya vikinukia duka. Viti vikaisha, wengine wakasimama ukutani. Wasichana walikaa mbele, mikono juu ya magoti. Mama Zaina akawakaribisha kwa ile sauti yake ndogo, kisha akanigeukia. "Citoyen Ngoy ataonyesha."

Nikawasha. Namba zikapanda, watu wakasema "eeeh". Krrr, krrr. Maneno ya Kiingereza. Kimya.

Ningesema tu ukweli. Ningesema: bado, ina kasoro. Lakini niliiona ile meza yangu, bandugu, na mtoto wa shangazi akiivutia kiti.

"Bamama, bababa, muivumilie," nikasema. "Iko inapata moto kwanza. Ni kama televizyo za zamani."

"Itapata moto mpaka wakati gani?" akauliza mama mmoja mnene wa mstari wa pili.

"Dakika kumi na tano."

"Televizyo yangu ikikawia vile, ninaipigaka kofi."

"Hii haipigwe, Mama. Hii iko inafikiri."

"Kumbe iko inapata moto ao iko inafikiri?"

"Yote mbili," nikasema. (Nilikuwa na jasho mpaka kwenye soksi.)

"Hata mie nikiwa na joto sifikirie," akasema, na mstari wote wa pili ukacheka.

Kwenye mlango alikuwa amesimama baba mmoja, mikono nyuma, hajacheka. Ni Citoyen Kalenga, mtu wa upande wa Kabalo; binti yake alikuwa amekaa mbele na wenzake. Kitu ambacho sikujua ni kwamba kwa miaka mingi anafanya kazi katika chumba cha kompyuta kubwa za kampuni ya shaba. (Mtu akiingia kimya na mikono nyuma, muulizeni kwanza kazi yake.) Akasogea taratibu mpaka mbele, akainama, akayasoma yale maneno ya Kiingereza. Kisha akaninong'oneza, na ninamshukuru kwa kunong'ona, ingawa chumba chote kilikuwa kimenyamaza ili kisikie.

"Ndugu yangu, ilishakwisha kufikiri. Iko inasema ile disketi haina kitu. Inaomba ingine."

"Haina kitu namna gani? Ni mupya. Haijaguswa."

"Uliiweka wapi?"

Hapo ndipo nilipofurahi, kwa sababu swali hilo nilikuwa na jibu lake zuri. Niliinua sauti, ili Mama Zaina asikie jinsi nilivyotunza mali yake.

"Nimeichunga muzuri sana, Papa. Wiki mbili nzima. Vumbi haikuifikia, mutoto hakuigusa. Niliibandika ndani ya mulango ya kabati ya chuma, juu kabisa, na sumaku ya spika. Ile kubwa. Haikutikisika hata kidogo."

Ninyi mafundi wenzangu mnaijua sumaku ya spika. Kwenye kibanda chetu hapo Likasi kila skrubu inalala juu yake, kila spana ndogo inaning'inia kwayo. Kwangu kitu kikining'inia kwenye sumaku kimehifadhiwa. Na hiyo disketi nilikuwa nimeichungulia siku ya kwanza kupitia tundu lake: duara, tundu katikati, inazunguka. Nikajiambia ni sahani ya muziki, ndogo. Nilitafuta mifereji ya sindano sikuiona, nikafikiri itakuwa myembamba sana, Wazungu wameendelea. Sahani ya muziki haina ugomvi na sumaku.

Citoyen Kalenga alinigeukia. Kisha akauliza kwa upole, kama daktari.

"Weye unatengenezaka redio?"

"Ndiyo. Redio, na makaseti."

"Muntu akikuletea kaseti yake ya ndoa, unaweza kuiweka juu ya ile sumaku?"

"Hata siku moja, Papa! Sauti yote itafutika. Kila siku ninabaambia bantu, kaseti na spika haziwezi ku..."

Nikaacha hapo. 

Citoyen Kalenga aliitoa disketi, akavuta kidogo lile duara kupitia tundu, akanionyesha. Kahawia, inayong'aa kidogo. Ni utepe wa kaseti, bandugu. Utepe uleule ninaouzungusha kwa kalamu kila siku ya Mungu, safari hii wameukata duara. Lazima nikiri kwamba hata katikati ya aibu ile nilifurahi nusu dakika. Kumbe mashine ile inasikiliza! Kumbe ndani ya mdomo wake kuna kichwa kama cha kaseti! Nilitaka kumuuliza inajuaje ianzie wapi katika duara lisilo na mwanzo. Lakini mama wa mstari wa pili alishaanza.

"Kwa hiyo fundi njo aliifuta?"

"Njo aliifuta," akasema mwingine.

"Wiki mbili nzima?"

"Na vumbi haikuifikia."

Chumba kikaanguka kwa kicheko. Wasichana walificha nyuso kwenye mikono. Mama Zaina hakucheka. Alinitazama tu, na nikaanza kukusanya bisibisi zangu, kwa sababu kuondoka ni kazi ninayoijua.

"Weka chini," akasema. "Washa tena. Batu bameona namba ikipanda, na bamependa. Nani alijuaka ile mashine ina akili kiasi gani, na inajihesabu?"

Nikawasha. Wakaja mbele mmoja mmoja, nikaiwasha na kuizima mara kumi na nane, kila mzazi na namba zake. Niliwaonyesha ule mlio mrefu na mifupi miwili kwa kung'oa kadi makusudi, na niliwaambia wazi mashine inalalamikia nini. Hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Mama mnene aliandikisha mabinti wawili. Citoyen Kalenga akasema Jumatatu ataleta disketi nyingine, atakayoinakili kazini kwake, na kwamba ataikabidhi mkononi mwa Mama Zaina tu.

Watu walipokwisha kutoka, nilisimama kando nikingoja hukumu. Mama Zaina alikaa, akafikiri.

"Mutoto ya shangazi yangu alimalizaka shule," akasema. "Lakini kama ile kadi ingeinuka, ye asingejua kama iko inalia juu ya nini. Meza ni yako."

Nikataka kumshukuru. Akainua mkono, akafungua droo, akatoa msumari mrefu.

"Kila asubuhi, mbele ya kuingia, nitakupima na huu. Kama unanata popote, unarudi kwenu."

"Hakuna shida, Mama. Anza hata leo."

Akaupitisha msumari taratibu kwenye bega, kwenye mkono, ukapita. Akaupitisha kwenye mfuko wa kifuani. Tik. Msumari ukasimama wenyewe, ukabaki umeninata kama medali. Ilikuwa sumaku ndogo ya spika ya sikioni, niliyoiokota mtaani Kampemba juzi ili nione ina nguvu kiasi gani.

Mama Zaina aliutazama msumari, akanitazama mimi. Ndipo akacheka, mpaka akashika meza.

Ninaanza Jumatatu. Mkitaka kunicheka chekeni sasa, mkimaliza ndipo mniandikie. Barua za hapa zinafunguliwa na Mama Zaina.

Ngoy