Uzoefu wa Jino Lisiloniuma

Jumatatu, 3 Machi

Nimeona tangazo! Limebandikwa mlangoni pa kliniki ya meno, ile ya ghorofani juu ya duka la vitambaa. Wanatafuta mhudumu wa mapokezi. Awe msafi, mcheshi, mvumilivu. Nikajiona mimi mtupu. Halafu mstari wa mwisho: uzoefu usiopungua miaka mitatu. Mimi niliuza vocha kwenye kibanda cha shangazi mpaka tumbo likazuia mlango usifungwe. Basi. Huo ndio uzoefu wangu wote.

Wifi naye kaliona. Ni dada yake baba mtoto, na nyumba hii kapanga yeye, vyumba vingine kawapangisha watu. Sisi tumejibanza chumba cha nyuma tangu mtoto hajaota jino. Wifi amekaa mapokezi ya nyumba ya wageni miaka minne. Nilipomwambia naomba na mimi, alicheka mpaka akashika ukuta. Akauliza uzoefu nitauchota wapi, kwenye beseni la nepi? Nikamwambia tutaonana hukohuko. Hata hivyo pasi yake kaniazima.

Nataka mlango wangu na ufunguo wangu. Nataka mtoto alie usiku bila mtu kugonga ukuta. Baba mtoto yuko safarini na lori la watu. Akipiga simu anasema vumilia mke wangu. Nimevumilia vya kutosha.

Barua nimepeleka. Uzoefu hawautoi bila kazi, kazi hawaitoi bila uzoefu. Basi nitauiba. Macho hayana pazia. Kesho naenda kukaa palepale kliniki nimtazame mama wa mapokezi anavyofanya. Nitasema jino linauma. Mpango hauna hata tundu!

Jumanne, 4 Machi

Mama yule ni moto! Wanamwita Bi Kalamu, kwa kalamu aliyoichomeka kwenye kilemba. Anastaafu mwisho wa mwaka, ndiyo maana wanatafuta mtu. Aliniuliza jino lipi. Nikasema la chini, kushoto. Akaandika. Akasema pole mwanangu, kaa pale.

Nikakaa, mtoto mapajani, karanga mfukoni. Akaingia bwana wa suti anafoka kwamba yeye si mtu wa kukalishwa kwenye benchi. Bi Kalamu hakupandisha sauti. Aliishusha. Akaishusha tena. Bwana ikabidi na yeye ashushe ili asikie, na hakuna anayeweza kufoka kwa kunong'ona. Mwisho akaomba radhi, akauliza choo kiko wapi. Nusura nipige makofi. Hiyo haimo kwenye cheti chochote!

Zamu yangu ilipokaribia nikampisha bibi mmoja. Kisha mzee wa mkongojo. Kisha mama wa mapacha. Bibi akasema roho kama yangu haijaonekana siku nyingi. Nikaona haya kidogo. Nikatafuna karanga. Walipofunga kwa chakula cha mchana, nikatoroka.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimesema la juu, kulia. Bi Kalamu akanitazama juu ya miwani, akasema maumivu ya mwanangu yana miguu. Nikasema ndiyo mama, yanatembea.

Nimejifunza simu. Kabla hajaipokea anatabasamu kwanza, na wala hakuna anayemwona! Na mtoto anayemwogopa daktari humpa kazi: alinde kiti cha mama yake kisikimbie. Kilio hukatika hapohapo. Mlinzi hana muda wa kulia. Mwanamke huyu angepewa nchi, ingekaa foleni.

Mtoto wangu kanitafuna kidole. Nikapapasa fizi. Jino la pili limetoka! Mfalme wangu wa meno mawili.

Jioni nikafanya mazoezi. Bafu letu ni moja na wapangaji tele, kila siku ni vita. Nikakaa na kigoda mlangoni, nikagawa namba kwenye vipande vya boksi. Nikashusha sauti. Fundi cherehani wa chumba cha mbele alirudi nyuma mwenyewe na asante juu! Kisha Wifi akaja na taulo. Nikamwambia yeye wa tano. Akasema nyumba ni yake. Nikashusha sauti. Akapandisha. Nikashusha zaidi. Akauliza mbona nanong'ona kama mwizi wa kuku, akanipita, akaoga mpaka maji yakakatika.

Mbinu bado changa.

Alhamisi, 6 Machi

Wema wangu umeniponza. Yule bibi niliyempisha juzi alirudi, akawatangazia watu wote kwamba huyu binti anawapisha wenzake na yeye anaungua kwa maumivu. Benchi zima likasimama. Mzee wa mkongojo akanishika mkono. Bi Kalamu akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba leo natangulia mimi. Sauti ile haibishiwi. Miguu yangu ilikwenda yenyewe.

Daktari akachungulia, akagonga, akaguna. Akasema lipo kweli, la mwisho kabisa, limeoza mpaka mzizini, nimelistahimilije siku zote? Nilikuwa silijui! Sindano ya ganzi, koleo, kwisha.

Nimetoka na shavu kama nimeficha limau zima. Bi Kalamu alikuwa amembeba mtoto, tena kamlaza. Akanipa pamba, akaniambia usaili ni kesho asubuhi, nisichelewe.

Nilikuwa katikati ya ngazi nilipojiuliza: barua nimeandika, mdomoni sijasema. Kajuaje kwamba ni mimi?

Ijumaa, 7 Machi

Shavu limezidi. Mdomo unafunguka upana wa kijiko.

Wifi aliingia kwanza, na viatu vya kisigino. Anamwagika kama bomba! Namwonea wivu, lakini nasema kweli, anajua kujieleza. Kisha Bi Kalamu akamwomba amshikie dirisha la mapokezi kidogo. Na nani akatokea? Bwana wa suti. Akafoka. Wifi akapandisha. Bwana akapandisha. Wakakutana darini. Daktari akaja kuwaamua.

Nikaitwa mimi. Bwana akanigeukia na hasira zake zote. Sikuwa na sauti ya kupandisha hata ningetaka. Nikanong'ona kwamba zamu yake ni ya tatu. Akasema eti? Nikanong'ona tena. Akainama. Akatazama shavu langu. Akasema pole dada. Akakaa!

Daktari akagusia ile miaka mitatu. Bi Kalamu akamuuliza yeye jino lake la kwanza aling'oa ana uzoefu wa miaka mingapi. Daktari akakohoa.

Kisha Bi Kalamu akanivuta pembeni. Alijua tangu Jumanne! Akasema mwenye jino bovu hatafuni karanga, tena kwa upande uleule anaoulilia. Jina nililomwandikisha siku ile alikuwa nalo tayari kwenye barua. Aliniacha aone nitachoka lini. Akaniambia mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa, sasa unaficha nini? Ningemwambia tu mama nifundishe, angenifundisha siku ileile.

Nikalia, upande mmoja wa uso. Akasema nianze Jumatatu, nikae kando yake mpaka atakapostaafu. Mshahara wa mwanafunzi, lakini chumba chenye ufunguo kitapatikana. Na uzoefu huo atausimamia yeye mbele ya yeyote. Sharti moja: uongo niuache ngazini. Nikaapa. Akauliza mtoto atabaki na nani. Kabla sijafikiri, mdomo ukasema: na wifi yangu, tumeshakubaliana.

Mdomo haufunguki kwa uji, lakini kwa hilo ulifunguka.

Jumapili, 9 Machi

Wifi hajasema na mimi tangu juzi. Leo nimejipa moyo, nikamwomba anishikie mtoto asubuhi. Akasema bora alee mamba. Simlaumu. Tena nimekuta blauzi yangu imepigwa pasi, imekunjwa mlangoni. Ana roho huyu, ila anaificha.

Nimemnyonyesha mtoto nikimuwaza Bi Kalamu. Maneno yake yameniingia. Ukweli ni mwepesi, hauhitaji kukumbukwa. Ningeweza kwenda kesho na mapema, nimwambie mama, sina wa kumwachia. Angeelewa, yule.

Lakini siku ya kwanza ya kazi! Nianze na shida?

Na benchi lile ni la wagonjwa. Mgonjwa hafukuzwi. Mwanangu ana meno mawili. Kesho litamuuma la kulia. Jumanne la kushoto. Maumivu yana miguu.

Na karanga naziacha nyumbani. Mtu hujifunza.