Mgeni Rasmi Aliyeutazama Ukuta

Siku nne sijalala vizuri kwa sababu ya swali moja: jina la nani niliandike? Leo jibu limekuja lenyewe, mbele ya watu wasiopungua arobaini, na mimi nimeumbuka. Nawasimulia mapema kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana Kyela ni ndogo na mabasi ya Mbeya ni mengi.

Mnajua nafundisha kompyuta kwenye kile chumba nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Kompyuta nne, zote mitumba. Programu zetu ni huria, yaani mtu yeyote ruksa kuzitumia, kuzifungua ndani na kuzirekebisha bila kumwomba mwenyewe. Wanaozitengeneza wametawanyika dunia nzima, wanaandikiana kwa barua pepe, na karibu wote ni wanaume. Jambo hilo linaniuma. Niliwahi kuwaandikia waraka wa kurasa tatu juu ya usawa wa wanawake katika programu huria. (Hakuna aliyejibu. Mmoja aliniuliza hali ya hewa ya huku.)

Sasa, ile programu ya kuandikia barua ambayo siku hizi inazungumza Kiswahili, aliyeitafsiri ni dada Sekela wa Bujonde. Alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na chama kikafa. Yeye ndiye aliyegundua kwamba programu inajifunga ukitaka kuchapisha, na yeye ndiye aliyeingia ndani yake akairekebisha. Mimi nilikuwa napeleka tu, kwa kuwa anwani ya barua pepe ni yangu. Wakubwa wa mradi wa programu hiyo wakaandika: "Ndugu Lusajo, kazi yako ni safi sana." Nikasema nitawasahihisha kesho. Kesho hiyo sasa ina miezi mitano.

Wiki iliyopita wakaandika tena. Kuna mafunzo Dar es Salaam, nafasi ni moja, niwape jina la aliyefanya kazi. Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Nikitaja jina lake, wataniona mwongo. Nikitaja langu, basi mimi ni mtetezi wa wanawake au mwizi mwenye maneno mazuri? Nikaamua kutoamua mpaka maonyesho yapite.

Maonyesho yenyewe yalikuwa leo asubuhi. Kamati ya kituo inataka kufuta zamu ya wanawake ya kila Jumanne, eti wanapoteza umeme. Nikasema basi waje wajionee. Sekela angeonyesha kazi yake saa nne mbele ya wajumbe na wananchi, halafu saa tano mwenyekiti wa kamati, Mzee Ambakisye wa Ngonga, angeingia kama mgeni rasmi kufunga shughuli. Nilipowasomea wanafunzi ratiba, nikamuuliza Sekela kama anamfahamu mgeni. Akainamisha kichwa. Akasema huyo yeye hamtaji, ila kama anaingia saa tano hakuna neno, atakuwa ameshaondoka. Nikadhani anaogopa wenye vyeo. Nikampa mawaidha ya kujiamini, ya dakika kumi hivi.

(Mliozaliwa huku mmeshaelewa. Mimi nimekulia Tabora, baba alikuwa mtu wa reli. Nivumilieni.)

Jana jioni nikaanza kuwaza. Wageni rasmi huchelewa. Je, akija saa sita, watu wakiwa wameshakwenda sokoni? Nikampelekea ujumbe kwamba shughuli ni saa nne, ili akichelewa afike saa tano. Nilijiona nina akili nyingi.

Mzee Ambakisye alifika saa nne kasoro dakika tano.

Sekela alikuwa ameketi kwenye kompyuta, uso kuelekea mlangoni, watu wamejaa mpaka madirishani. Mzee akatokea mlangoni na koti lake na fimbo. Sekela akajifunika kitenge kichwani na kuzama chini ya meza. Mguu ukanasa waya. Kompyuta ikazima. Na mzee naye, badala ya kuja kuketi, akageuka ghafla akaukabili ukuta kama mtu anayesoma tangazo. Ukuta hauna kitu. Ni chokaa tu!

Mtu mwenye akili angetulia hapo. Mimi nikainama nikamshika Sekela mkono nikaanza kumvuta, nikimsihi atoke amsalimie mgeni. Akakumbatia mguu wa meza. Nikavuta. Meza ikasogea naye. Nilipoona hatoki, nikasimama, nikatoa hotuba mfukoni (naapa sijui kwa nini) na kusoma sentensi ya kwanza: "Ndugu mgeni rasmi, umepita wakati wa mwanamke kujificha."



"Mwalimu," mzee akauambia ukuta, "wewe umeoa?"

"Bado, baba."

"Inaonekana."

Ndipo Mama Tumaini, muuza mchele na mwanafunzi wangu wa Jumanne, aliponihurumia. Akanieleza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba mzee ndiye baba wa mume wa Sekela. Na kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mwanao hamtazamani, hamzungumzi, na jina lako halitamki. Angenitajiaje, sasa? Wenzake nao walinyamaza wakidhani nimepanga saa tano kwa heshima hiyo. Walikuwa wamenisifu kabisa.

Watu walicheka mpaka mashine ya mpunga ikasimamishwa waje kuona kuna nini.

Nikataka kuokoa jahazi. Nikatangaza kwamba nitaonyesha kazi mwenyewe. Nikawasha kompyuta, nikafungua programu, nikabonyeza. Hapakuwa penyewe. Chini ya meza kukasikika mnong'ono, na Mama Tumaini akainama, akasikiliza, akainuka.

"Anasema siyo hapo."

Nikabonyeza pengine. Mnong'ono tena. Anasema hapo ndiyo kabisa siyo. Tukaenda hivyo, mnong'ono, Mama Tumaini, kidole changu, mpaka barua ikatoka kwenye printa, ya Kiswahili kitupu, na watu wakapiga makofi. Nikainama kidogo kupokea makofi. (Niliinama kweli. Wapo walioona.)

Mzee akauliza, bado anatazama chokaa: "Mama Tumaini, hebu muulize huyo wa chini. Kazi hii ni ya nani?"

Sijawahi kuona mnong'ono unachukua muda mrefu namna ile. Mama Tumaini akajinyoosha, akanitazama kwanza, kisha akasema: "Anasema kazi ni yake. Mwalimu ana anwani."

Jamani, siku hii niliiogopa kwa miezi mitano, na ilikuja kwa maneno sita.

Nilikuwa na maelezo ya kutosha, ila kila moja lilianza na "mimi". Nikawaomba akina mama kitenge kirefu, tukakifunga toka dirishani hadi kwenye msumari wa ubao, Sekela na kompyuta yake upande mmoja, mzee na kiti chake upande wa pili. Mzee akageuka. Sekela akatoka chini ya meza, akamweleza Mama Tumaini kila alichofanya, namna alivyoitafuta ile hitilafu wiki mbili, na Mama Tumaini akayapitisha maneno yake juu ya kitenge. Kila karatasi iliyochapishwa ilipita chini. Mzee alizisoma zote polepole. Mwisho akasema zamu ya Jumanne haifutwi, akasema "ndaga" kuelekea kwenye kitenge, shukrani ya Kinyakyusa, na kuondoka kabla hakijashushwa.

Nami nimekuja moja kwa moja hapa kwenye chumba cha intaneti. Nimewaandikia wakubwa wa mradi kwamba kazi yote tangu mwanzo ni ya Sekela, watoe jina langu kwenye orodha ya watengenezaji, waweke lake, na yeye ndiye wa kwenda Dar es Salaam. Leo hiyohiyo nimemfungulia na anwani yake mwenyewe, ipo juu ya barua. Nimetuma.

Wamejibu upesi kuliko kawaida. Wamefurahi, watamwandikia leo. Ila wanauliza, kwa hiyo Ndugu Lusajo miezi yote hii ulikuwa unafanya nini hasa?

Nimewaza nusu saa. Nimewajibu: "Nilikuwa nabonyeza kutuma."