Saketi ya Mayai ya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Shangazi halali. Kidhibiti joto cha mashine yake ya kutotoleshea vifaranga kimekufa. Sasa anakaa kando ya mayai na kipimajoto mkononi, anawasha taa ya kuyapasha joto, anaizima, kama mlinzi wa benki. Nimemwambia atulie. Saketi mpya, kibao cha umeme cha kuongoza joto, nitaitengeneza mwenyewe, hapahapa nyumbani. Mimi niliyefungua redio za mtaa mzima! (Kuzifunga ni kazi ya wengine.)

Jumanne, 5 Machi
Mchoro wa njia za umeme huchapwa kwenye karatasi ya kung'aa, kisha pasi huuhamishia kwenye kibao cha shaba. Ukihamia, hugeuka kama muhuri. Hilo nalijua! Kwa hiyo niliugeuza mapema. Mwenye printa wa mtaani akauchapa, nami nikaupiga pasi.  

Kibao nikakitumbukiza kwenye dawa ya kula shaba, ndani ya sufuria ya mama watoto. Dawa ikaonja aluminiamu, ikanogewa. Moshi. Povu. Tundu. Kibao kimepona. Sufuria, Mungu ailaze pema. Mama watoto hakufoka. Aliuliza tu kama kitanda nacho nakihitaji. Mke wa dhahabu.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Njia zote za umeme zimekaa kinyume. Kumbe mwenye printa naye, kwa wema wake, aliugeuza mchoro tena: wajuzi wawili, kibao kimoja. Aisii, kile kidude cheusi chenye miguu, haikai: mguu wa kulia unadai nafasi ya wa kushoto. Na shangazi leo kasinzia, joto likapanda, kaamka kwa bahati tu. Anasema mayai yamebakiza kidogo yaanguliwe, na yeye kabakiza kidogo aanguke.

Nimemeza mate machungu, nikapeleka kibao kwa fundi redio wa mkabala na nyumba yetu, adui yangu. Alikitazama. Akatafuta kiti ili acheke vizuri. Halafu akasema, "Bwana mkubwa, aisii ichomee upande wa shaba. Nyumba ikijengwa kinyume, mpangaji aingie kwa nyuma."

Akaichomea mwenyewe kwa risasi ya kuungia nyaya. Jioni taa ya shangazi ikawaka, ikazima. Peke yake! Shangazi akalala palepale kwenye kiti.

Ijumaa, 8 Machi
Vifaranga! Mashine nzima inapiga kelele. Shangazi kanikumbatia hadi miwani ikamdondoka. Namshukuru Mungu, mke wangu, fundi redio, hata mwenye printa. Bila yeye nisingegundua mtindo huu wa kugeuza mara mbili, ambao nadhani mimi ndiye wa kwanza duniani kuubuni.

Daktari wa meno wa mtaani amezisikia sifa zangu. Kiti chake cha umeme cha wagonjwa hakipandi wala hakishuki. Nimemwambia aite wagonjwa, kiti nitakitengeneza mwenyewe.