Hotuba ya Kuufunga Msitu na Kulifunua Gari la Zimamoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hakufika ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wakuu wa idara, makaimu wenu na makaimu wa makaimu wenu. Ndugu Katibu wangu, unayenishikia mwavuli. Wakulima mnaopakana na msitu. Wanachama wa Kikundi cha Mazoezi ya Asubuhi, mliokuja na raba zenu na manung'uniko yenu. Shangazi yangu mlezi, muuza chai wa lango hili, uliyekalia kiti cha mbele kilichoandikwa jina la mtu mwingine. Mabibi na mabwana, na yeyote niliyemsahau ajihesabu nimemkumbuka. (Makofi. Shangazi: "Fupisha, mwanangu, jua kali!")

Nitafupisha, shangazi. Nina kurasa thelathini tu.

Ndugu wananchi, mimi, Mkurugenzi wa Misitu, Mapumziko na Mambo Mengineyo, nimesimama mbele ya lango hili kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, ili kutangaza rasmi kwamba kuanzia leo, na hadi mvua zitakapoamua vinginevyo, msitu huu umefungwa kwa matembezi, mbio, baiskeli, pikniki, picha za harusi, kuegemea miti, na shughuli nyingine zote za kiburudani zinazofanana na hizo au zisizofanana nazo. (Wakulima wanapiga makofi. Wanamazoezi wanaguna.)

Uamuzi huu haukuanguka kutoka mbinguni. Umetokana na mchakato shirikishi, jumuishi na mtambuka, ambapo wadau walikaa kwenye semina, semina ikazaa warsha, warsha ikazaa kikosi kazi, na kikosi kazi kikapendekeza ifanyike semina. Tafiti zetu zinaonyesha kwamba asilimia sitini na tatu ya moto wa misituni huanzia mahali fulani, na asilimia inayobaki huanzia mahali pengine. (Makofi ya makaimu.) Nyasi zimekauka hadi zinalia zikikanyagwa. Kiangazi kilichopita, kama wakulima mnavyokumbuka kwa uchungu, mtu mmoja alichemsha maji yake ya pikniki chini ya mti, akaondoka akiamini amezima, na shamba zima la mahindi likaondoka naye. Hilo si jambo la mzaha. (Mkulima: "Sema, mkubwa!")

Najua upande wa pili nao una hoja. Wanamazoezi walinijia ofisini, wote kaptura, wakasema kwamba wao wanaokatiza msitu kila alfajiri ndio wa kwanza kuona moshi. Ukiwafukuza, nani atauona? Niliwajibu kwamba hoja yao imepokelewa, na kweli ilipokelewa, tena na watu watatu tofauti. Kisha akaja shangazi yangu. Huyu mnayemwona alinilea kwa chai ya lango hili. Viatu vyangu vya kwanza vya shule vilitoka kwenye vikombe alivyowauzia watembeaji. Aliniuliza swali ambalo halikuwa na jibu la kitaalamu: "Msitu ukifungwa, chai nimuuzie nani, ndege?" (Kicheko kirefu.) Mnacheka, lakini mimi liliniuma. Ndiyo maana, shangazi, serikali yako, ambayo ni mimi, imekutengea eneo mbadala la kimkakati nyuma ya ghala la idara. (Shangazi: "Nyuma ya ghala anapita nani?") Kwa sasa panya, shangazi; ila mpango wa kuongeza wapita njia uko katika hatua za juu sana.

Mtauliza: msitu ukifungwa, na moto wenyewe ukaamua kuingia bila kibali, nani atauzima? Hapo ndipo ninapowaomba mgeuze shingo zenu kushoto, kwenye lile turubai la kijani lililofungwa utepe mwekundu. Chini yake, ndugu zangu, kuna Gari la Zimamoto la Kizazi Kipya, tunda la Mradi Mkuu wa Kinga ya Moto, mradi nilioubuni mimi, nikausimamia mimi, na katika tathmini huru niliyoifanya mimi ukapata alama za juu kabisa. Gari hili lina uwezo wa kumwaga maji mengi kwa muda mfupi, au machache kwa muda mrefu, kutegemea mahitaji. (Makofi. Mwanamazoezi: "Mbona hatuoni magurudumu?") Magurudumu hayaonekani kwa sababu za kiusalama. ("Na dereva?") Dereva yuko mafunzoni. Nimelipigania gari hili kwa jasho langu, ndugu wananchi. Mke wangu ni shahidi kwamba hata usingizini naliita. (Shangazi: "Moshi, mwanangu!")

Asante, shangazi. Suala la moshi liko ukurasa wa kumi na nne, tutalifikia kwa utaratibu. (Shangazi anasimama: "Moshi uko nyuma yako, wewe mtoto! Kwenye jiko lenu la nyama!")

Jiko lile, ndugu wananchi, ni la wageni waalikwa, limewashwa kwa kibali nilichokisaini mwenyewe, na kwa tafsiri ya kanuni zetu nyama ya wageni waalikwa haihesabiki kuwa burudani. (Watu wanainuka. Upepo umebeba cheche hadi kwenye nyasi za ndani ya lango. Nyasi zinawaka.) Tulieni! Kila mtu abaki kwenye kiti chake! Hali hii ilitarajiwa katika mpango mkakati! Katibu, fungua turubai, toa gari! (Katibu anamtazama, hasogei.) Nimesema toa gari!

(Katibu anakata utepe. Chini ya turubai kuna madawati ya ukumbi yaliyobebana, na juu yake pipa tupu limelazwa liwe tangi. Watu wanacheka, kisha hakuna anayecheka. Wanamazoezi wanaruka lango na kuvunja matawi mabichi. Wakulima wanarusha udongo kwa mikono. Shangazi anapita katikati yao na birika mbili kubwa. Kipaza sauti kinabaki peke yake kwa kitambo. Msemaji anarudi, koti limeungua mkono mmoja.)

Ndugu wananchi. Moto umezimika. Kurasa zilizobaki nimezitumia kuupigia, kwa hiyo nitasema maneno yangu mwenyewe, nanyi mniwie radhi, sijayazoea.

Wakulima mna haki ya kuogopa. Nimeogopa na mimi. Hakuna jiko wala kiberiti kitakachoingia humu kiangazi hiki, na la kwanza kutoka ni langu. Ila wanamazoezi nao wamesema kweli. Wapite alfajiri, wafuate njia, na wakiona moshi wapige kelele, wakulima waitike. Zimamoto tuliyonayo ndiyo hiyo, nimeiona leo ikikimbia na raba. Na meza ya shangazi ibaki pale pale ilipo. Asiiguse mtu. (Makofi. Shangazi anajifuta macho, anasingizia moshi.)

Sasa tuitikie kaulimbiu zetu. Msitu! ("Wetu!") Jiko! ("Lenu!") Gari! ("Madawati!") Inatosha, inatosha, ahsanteni.

Namalizia kwa shukrani. Nakushukuru, shangazi, kwa birika mbili za chai iliyokuwa ndiyo mauzo yako ya leo. Namshukuru Katibu, ambaye wiki nzima aliniuliza, "Mkubwa, na wakitaka kulifunua?" nami nikamwambia hakuna mtu anayefunua vitu vya serikali. Na kwa namna ya pekee namshukuru mtunza ukumbi, aliyeyapanga madawati yale kwa ustadi kiasi kwamba mimi, niliyemtuma ayapange, niliyejua fika kwamba hakuna mradi wala gari lililowahi kuagizwa, moto ulipowaka nilikuwa wa kwanza kupiga kelele litolewe.