Kilo Ishirini na Tatu Kwenda Montecardo

2 Agosti 2025, Jumamosi

Nimechaguliwa! Mimi, Kanze, mke wa Lewa seremala, mamake Masha, niliyeishia darasa la nane, naenda Ulaya! Nimeandika kwa kalamu nyekundu.

Bwana Gona, kiongozi wa kikundi chetu cha ngoma hapa Muyeye, ametusomea barua. Kuna mji Italia unaitwa Montecardo. Kila Septemba wana sikukuu ya zabibu. Watu huvaa nguo za mababu zao, hurusha bendera juu wakazidaka, kisha huingia ndani ya pipa miguu mitupu na kukanyaga zabibu. Watu wazima! Mwaka huu wanataka na ngoma ya pwani ya Kenya. Nauli juu yao, malazi juu yao, siku kumi. Nafasi ni nane na ya nane ni yangu. Bwana Gona alisema mbele ya wote kwamba hakuna anayelitikisa hando kama mimi. Hando ni sketi yetu ya Kigiriama, marinda juu ya marinda. Mimi nikiivaa hata waliokuja kwa shughuli zao husimama.

Cynthia, katibu wa kikundi, amewekwa akiba. Akiba! Ataenda mmoja wetu akiumwa. Alinipongeza huku akiniangalia kama anayetafuta dalili za homa. Akaongeza kwamba ndege si mchezo, yeye aliporuka kwenda Nairobi masikio yalimziba siku mbili. Tangu aruke kwenda Nairobi hamalizi chakula bila kuitaja. Safari ya saa moja!

Nimemweleza Masha. Ana mwaka na miezi tisa. Alinisikiliza vizuri, akanipa ndizi aliyokwisha kuitafuna.

5 Agosti, Jumanne

Nimepata mshauri wa safari. Simeon, aliyekuwa mlinzi wa geti pale uwanja wa ndege kwa miaka sita. Hajapanda, lakini amewaona wengi wakipanda, na anasema anayetazama ndiye anayejua. Ushauri wake nimeuandika: tafuna kitu ndege ikipaa. Vaa soksi. Mafuta ya nazi usiyabebe mkononi, watakunyang'anya. Sanduku lisizidi kilo ishirini na tatu. Na mtu hukaa kitini kwa muda wa saa nane, miguu hakunji wala hakunjui.

Nimempa kuku watatu kwa shukrani. Alikataa mara moja tu.

Mchana nikapanga viti vya plastiki vya kanisa uani, safu mbili, karibu karibu, nikakaa cha katikati kufanya mazoezi. Ummulkheir jirani yangu, mpishi wa mahamri, alichungulia juu ya ua wa makuti akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia niko angani. Akasema, haya mwanangu, ukishuka nirudishie ungo wangu.

Nilikaa dakika arobaini. Masha alikuja akakaa kiti cha nyuma akawa ananivuta nywele. Simeon anasema hilo nalo lipo kwenye ndege.

10 Agosti, Jumapili

Leo mazoezi ya kuachana. Masha atabaki na mavyaa wangu, mamake Lewa, siku zote kumi, kwa hiyo lazima azoee. Nilimpeleka saa tatu, nikasema nitarudi saa sita.

Nilirudi saa tatu na nusu. Nilisema nimesahau leso.

Saa nne nikarudi tena. Leso.

Saa nne na robo mavyaa alinikuta nyuma ya choo chake nikichungulia. Akaniuliza, kwani mwanangu una leso ngapi? Masha alikuwa anacheza na vifuniko vya chupa, hana habari. Aliponiona ndipo akalia. Na mimi nikalia. Mavyaa akasema kati yetu sisi wawili hajui yupi aliyeachishwa ziwa.

Hata hivyo mazoezi yamefaulu. Mtoto amezoea. Nitawaambia watu hivyo.

14 Agosti, Alhamisi

Sanduku! La mtumba, la buluu, magurudumu matatu mazima. Mpini bado una karatasi ya ndege ya mwenyewe wa kwanza. Siiondoi ng'o. Atakayeliona atajua hili si sanduku geni.

Shida ni mizani. Ya duka la mahindi haiaminiki, kila mtu anajua. Nikakumbuka kliniki. Ile mizani ya kuning'iniza watoto inafika kilo ishirini na tano! Nilipanga foleni na kina mama, Masha mgongoni, sanduku kichwani. Masha: kilo kumi na moja na nusu. Kisha nikalitundika sanduku. Nesi alipiga kelele kwamba mizani hii ni ya watoto. Nikamwambia mtoto nimemleta, huyu hapa. Kina mama wakacheka mpaka mmoja akapoteza nafasi yake.

Sanduku: ishirini na nne na nusu. Lakini nimeondoka na elimu. Kilo ishirini na tatu ni Masha wawili. Sasa sihitaji mizani. Mkono huu namshika Masha, mkono huu nalipima sanduku, mwili wenyewe unajua.

17 Agosti, Jumapili

Sherehe ya kuniaga! Mwezi mmoja kabla, ndiyo, lakini keshokutwa tunapanda basi kwenda Nairobi kuhojiwa viza, na ukitoka huko wewe si mtu wa hapa tena. Wamekuja watu hamsini. Cynthia alikuja mapema ili ale vizuri.

Mtu anayekwenda Ulaya hagawi biskuti. Nimegawa vitu. Sufuria kubwa, Ummulkheir. Redio, kwa kwaya. Meza na benchi, majirani wa nyuma. Na kitanda, kile cha mninga alichonichongea Lewa tulipooana, nimempa mavyaa kwa ajili ya mgongo wake. Watu walipiga vigelegele. Sijawahi kusikia jina langu likiitwa vile. Masha alicheza katikati ya uwanja na sufuria kichwani, kabla halijachukuliwa.

Lewa yuko Kikambala, anatengeneza milango ya hoteli. Hajui bado. Atafurahi. Ni mamake.

18 Agosti, Jumatatu

Lewa amerudi. Aliingia chumbani, akatoka, akaingia tena. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama tumeibiwa. Nikamwambia nimegawa. Akauliza naenda siku ngapi. Kumi. Akauliza na siku ya kumi na moja nitalala wapi. Nikaenda kutafuta mkeka. Wanaume hawaelewi sherehe.

Tumelala mkekani. Masha amefurahi sana. Hakuna pa kuanguka.

20 Agosti, Jumatano

Nairobi. Baridi! Nilihojiwa na bwana mmoja nyuma ya kioo, mpole, miwani. Cynthia alitangulia, maana hata wa akiba huhojiwa. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema lazima arudi upesi kwa sababu mbuzi wake anakaribia kuzaa! Mbuzi! Mbele ya wazungu! Nikamwonea haya.

Mimi nilijibu kama mtu aliyezoea. Akaniuliza nina mali gani nyumbani. Nikasema sina, nimegawa yote, hata kitanda. Nilitaka aone mtu mkarimu. Akauliza, kitanda? Nikasema, cha mninga. Akaniuliza juu ya mtoto. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimeshamzoesha, hanililii tena. Akaniuliza nitajisikiaje huko mbali. Nikasema nitajisikia niko kwetu.

Aliandika sana, jamani. Ukurasa mzima, akageuza! Cynthia hakuandikiwa hata mistari miwili. Nilimwambia kwenye basi. Alinitazama, kisha akafunga madirisha kwa ajili ya vumbi.

5 Septemba, Ijumaa

Wanane wamepata. Mimi sikupata.

Karatasi yangu inasema hawakuridhika kwamba nitarudi.

Bwana Gona aliisoma mara mbili kana kwamba itabadilika. Cynthia atakwenda badala yangu.

6 Septemba, Jumamosi

Sikutoka nje. Ummulkheir alileta mahamri akayaacha mlangoni, hakuuliza neno. Kwa Ummulkheir hilo ni kama kufunga Ramadhani mbili.

Naisoma hiyo karatasi. Sina sababu ya kunirudisha, ati. Mimi! Niliyerudi mara tatu kabla ya saa tano kwa ajili ya leso! Lewa alikaa kando yangu mkekani akasema polepole kwamba si wao, ni mimi niliyewaambia. Nikamwambia anyamaze. Akamchukua Masha akaniwekea mapajani.

Sababu yangu ya kurudi ina kilo kumi na moja na nusu. Mizani ya serikali imeipima. Wangeniuliza hivyo ningewajibu.

Hawakuniuliza. Naam, waliniuliza. Lakini si kwa maneno hayo.

9 Septemba, Jumanne

Siku ya kuvikusanya vitu vyangu. Aibu niliiacha nyumbani.

Ummulkheir alinipa sufuria likiwa na wali ndani, akasema alikuwa ananiwekea tu. Kwaya wamerudisha redio ila sasa inashika stesheni moja, ya mahubiri. Simeon kuku wawili ameshawala. Wa tatu alimleta mwenyewe, kwa sababu anatotoa, pamoja na ushauri wa namna ya kushuka ndege ikitua. Nikamshukuru. Ushauri haupotei.

Mavyaa alikataa. Alikuwa amejilaza juu ya kitanda changu, mto wangu chini ya magoti. Akasema mgongo wake haujawahi kuwa na raha hii tangu azae. Akasema mkwe mwema kama mimi hapa Muyeye hakuna. Nikarudi mikono mitupu lakini kichwa juu.

14 Septemba, Jumapili

Cynthia amekuja. Hana sanduku. Alikunywa chai vikombe viwili kabla ya kusema. Aliporuka kwenda Nairobi alibeba mfuko tu.

Nilitaka kukataa. Nilikuwa na maneno yangu tayari tangu kikombe cha kwanza. Kisha nikaliona lile sanduku la buluu pale kona na karatasi yake ya ndege. Nikasema nitampa kwa sharti moja: nilipange mimi. Na hando langu liende ndani, alivae yeye.

Alinishika mkono akaniita shoga. Hajaniita hivyo tangu tuingie kikundi.

18 Septemba, Alhamisi

Nimelipanga. Masha mkono wa kushoto, sanduku mkono wa kulia, nikafumba macho. Nikatoa jozi ya viatu. Nikafumba tena. Masha wawili kamili.

Walipita barabarani na gari la kukodi kwenda Mombasa, wanapiga kayamba. Cynthia anatafuna tangu hapa, kama nilivyomfundisha. Masha aliwapungia. Nilikuwa nimejiandaa kulia lakini alinikojolea, tukaingia ndani.

Jioni Cynthia akapiga simu kutoka uwanjani. Wote wamezidisha! Bwana Gona amefunguliwa sanduku mbele za watu, amevaa kanzu tatu. Ni moja tu lililopita bila kuguswa: la buluu. Mizani ya ndege imesema ishirini na tatu, si zaidi, si pungufu! Aliyekuwa anapima alimuuliza nani amempangia.

Akanitaja. Jina langu limetajwa uwanja wa ndege! Nimemwambia Ummulkheir, nesi wa kliniki, na watu wote wa foleni ya maji.

6 Oktoba, Jumatatu

Wamerudi tangu wiki iliyopita, wamenenepa. Nimeona picha za hando langu katikati ya Montecardo, bendera ziko hewani juu yake, wazee wamesimama vinywa wazi. Amevaa Cynthia, lakini marinda ni yangu, na mtu wa marinda anajua.

Mbuzi wake amezaa mapacha. Cynthia alirudi siku ileile.

Habari kubwa: Bwana Gona amepata barua nyingine! Mji wa Austria, soko la Krismasi, mishumaa, theluji, watu waliovaa vinyago vya mashetani wakikimbiza watoto. Nafasi ya kwanza ni yangu. Cynthia mwenyewe ndiye aliyenitaja. Simeon tayari amenipa ushauri wa theluji. Masha sasa ana kilo kumi na mbili, kwa hiyo Masha wawili wamekuwa ishirini na nne, itabidi nimpime bila nguo.

Wamenikalisha chini, Cynthia na Lewa, wakanieleza kosa langu mara ya kwanza. Kule viza wanataka kuona una watu na vitu vya kukurudisha. Nimewaelewa kabisa. Maneno matupu hayatoshi, wanataka ushahidi. Kwa hiyo safari hii nitapeleka picha za sherehe ya kuniaga. Wauone huo umati. Hamsini haitoshi, nimealika mia.

Na umati hauji bure, lazima mtu agawe. Lewa amemaliza kitanda kipya leo asubuhi, kipana kuliko cha zamani, na amechonga jina la Masha kichwani. Ni kizuri mno, kitatoka vizuri kwenye picha. Vanishi haijakauka, lakini nimeshamwambia Ummulkheir aje na watu wanne, wakibebe kwa miguu yake tu.