Mrumi wa Arpaia

Jumatatu, 19 Agosti. Capua.

Safari imeanza! Padri Saverio kasema hivi: kati yangu na shemeji Fedele, atakayetangulia kufika kwetu Benevento kwa miguu, kwa Barabara ya Apia, kijitabu chake kikiwa na muhuri wa kila mji, ndiye atakayeshika mti wa mbele wa machela ya kubebea sanamu ya Mtakatifu Bartolomeo siku ya sikukuu. Marehemu baba aliushika miaka thelathini. Nautaka mpaka silali. Fedele kaondoka alfajiri na fimbo yake, anapiga mluzi. Mwache amalize soli. Mimi nina basi la kesho saa nne.

Jumanne, 20. Arpaia.

Nimefika kabla ya chakula cha mchana! Kasoro moja: viatu vinang'aa. Nikavipaka unga jikoni kwenye nyumba ya wageni, vionekane vina vumbi la njiani. Akili hizo! Mama Carmelina, mwenye baa na muhuri, akainama, akachota kwa kidole, akaonja. Akauliza baa nzima tangu lini Apia imemwagwa unga wa piza. Vicheko! Wazee wawili wakainua ufagio, nikaambiwa nipite chini yake, kama mababu zetu Wasamniti walivyowapitisha chini ya mikuki, kwa aibu, Warumi waliowanasa vitani kwenye bonde hilihili. Nikakataa: mimi Msamniti halisi, sisi tunapitisha watu, hatupiti! Mama akasema, "Leo wewe Mrumi, babu. Inama."

Nimeinama. Mgongo unauma hadi sasa. Lakini muhuri kagonga! Tena kaongeza maneno kwa kalamu. Pongezi, bila shaka. Mwandiko wenyewe hausomeki.

Alhamisi, 22. Benevento.

Wa kwanza! Kigari cha binamu cha kubebea nyanya za sokoni kilisimama Montesarchio nipate muhuri, kikanishusha karibu na Tao la Trajani, lango la kale la mji. Hatua mia za mwisho nimezitembea kwa haki. Padri kavaa miwani, kasoma ukurasa wa Arpaia kwa sauti, mbele ya watu: "Kapita chini ya ufagio. Huyu Mrumi." Kafunga kijitabu. Kasema Mrumi hambebi mtakatifu wa Wasamniti. Fedele kafika jioni anachechemea, kapewa mti. Nimelia chooni. Kweli nimelia.

Jumamosi, 24.

Sikukuu. Fedele mbele, mimi nyuma kabisa na mshumaa, katikati ya kwaya ya akina mama. Malengelenge yamempasuka, soksi ina damu, na hakulegea hata kidogo. Nimeona aibu. Aibu ya kweli, mpaka kona ya kanisa.

Hapo ndipo wazo liliponijia! Nimemkimbilia Padri, nimejitolea mwakani kuisimamia mihuri yote mimi mwenyewe, kuichonga na kuigonga. Kasema ataniombea.

Hajakataa!