Hedi ya Mashindano kwa Bibi Harusi

Jumatatu, 15 Desemba 2025

Pijo ya marehemu baba imelala bandani, injini wazi. Nina furaha! Juzi ilichemsha pale kwenye mlima wetu wa Kirua mpaka hedi, kile kichwa cha injini, ikapasuka. Mwingine angelia. Mimi naona nafasi.

Harusi ya binti yangu Brenda ni tarehe 27. Tangu akiwa darasa la pili nilimwahidi kwamba ataenda kanisani kwa gari ya babu yake, na dereva nitakuwa mimi. Nikishindwa, atapanda Prado nyeupe ya shemeji Fabian. Fabian ameshaipamba maua. Wiki mbili kabla! Mtu gani huyu?

Fundi Filemon amepanda kutoka Pasua, kule mjini. Anasema tunaweza kuchomelea ufa, kusawazisha uso wa hedi na kuweka valvu mpya za saizi ileile. Au... hapo akashusha sauti. Sylvanus, muuza vyuma chakavu, ana hedi iliyotoka kwenye Pijo ya mashindano. Valvu pana. Njia za hewa zimepanuliwa na kusuguliwa hadi zinang'aa. Filemon alivyokuwa akiitaja, macho yalimlegea. Namwelewa kabisa.

Mke wangu, Theopista, ameuliza swali moja tu: bibi harusi anakimbizwa na nani? Kisha akaamuru hedi ya zamani ichomelewe. Nikajibu sawa, Mama Brenda. Sawa ni neno zuri, halifungi mtu.

Jumatano, 17 Desemba

Nimeiona. Aisee! Nimeipapasa mpaka Sylvanus akauliza kama nataka kuiposa. Hataki pesa. Anataka mbuzi aliyenona, eti wana shughuli ya ukoo mwisho wa mwezi. Shughuli gani, sikuuliza. Mambo ya watu.

Mbuzi aliyenona ninaye. Tatizo, ni yule beberu wa ndafu, wa kuchomwa mzima siku ya harusi ya Brenda. Theopista amemlisha kwa mkono wake tangu Pasaka. Pembe yake moja imepinda mpaka inagusa sikio, na mke wangu anampenda hivyohivyo.

Lakini mbuzi ni mbuzi. Akishachomwa mzima na kutiwa majani mdomoni, nani atamuuliza jina?

Ijumaa, 19 Desemba

Theopista alipokwenda kwenye sala ya jumuiya, beberu akashuka kwa Sylvanus, hedi ikapanda kwangu. Nimenunua mbuzi mwingine sokoni na kumpeleka moja kwa moja kwa mchoma ndafu. Mbuzi huyu amekonda kidogo. Sawa, amekonda sana. Theopista nimemwambia kwamba beberu wake ametangulia kwa mchomaji ili asituhangaishe siku za mwisho. Amenisifu kwa kujituma! Nimejisikia vizuri mpaka nimekula ndizi sahani mbili.

Jumanne, 23 Desemba

Imewaka! Sauti yake imewatoa kuku wote bandani. Filemon karibu alie, mimi nimelia kweli. Barabara ya Himo tumeruka kama hatuna watoto.

Kupanda mlima ikakohoa kidogo. Filemon anasema hedi hii inataka mwendo, ukienda polepole inakabwa. Basi dawa ni kutokwenda polepole. Nimempita Fabian akiwa dukani na nimepiga honi mara tatu. Alimwaga soda.

Jumamosi, 27 Desemba, jioni

Matarumbeta!

Niliwaza kila kitu, sikuwaza matarumbeta. Tulipofika chini ya mlima wa kanisa, wapiga tarumbeta wakashuka kwenye pikapu yao na kuanza kutembea mbele yetu. Kutembea! Hatua moja, wanacheza, wanarudi nyuma nusu. Kila harusi ya huku ni hivyo, na mimi nimezaliwa hukuhuku.

Pijo ikakohoa. Ikazima. Nikaiwasha, ikanguruma, wapiga tarumbeta wakarukia mgombani. Ikazima tena. Klachi ikaanza kunuka. Fabian akashuka kwenye Prado na kamba mkononi, anatabasamu kama amepewa shamba.

Nikageuka kumwangalia mwanangu. Nilijua nimemharibia siku. Brenda alikuwa anacheka mpaka shela limeanguka. Akatoa kichwa dirishani, akamwambia mjomba wake shikamoo, asante, lakini gari ya babu haivutwi kwa kamba. Isukumwe.

Wakaisukuma! Wakwe na suti zao, wanakwaya, mchoma ndafu, hata Fabian mwenyewe. Vigelegele, tarumbeta, matope mpaka magotini. Mimi nilishika usukani nikilia kwa furaha, nadhani kila mtu aliona. Padre alisema hakuna bibi harusi aliyewahi kufika mlangoni pake akiwa na watu wengi namna hiyo nyuma yake. Nimetimiza ahadi. Sikusema gari itakuwa inawaka.

Ukumbini ikaletwa ndafu yetu. Mtoto mmoja akauliza kama ni sungura. Halafu upande wa bwana harusi wakaleta ya kwao, zawadi ya mjomba wa bwana harusi. Kubwa, imenona, inang'aa mafuta. Watu wakashangilia. Mjomba akasimama kupungia mkono.

Sylvanus.

Theopista hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama pembe.

Jumapili, 28 Desemba

Nimeamka mapema, nimekwenda mpakani mwa shamba kukata isale. Sisi Wachagga ukipelekewa jani hilo, mnasameheana mtake msitake. Nimempelekea Theopista kwa mikono miwili, kichwa chini. Alilipokea, akaligeuzageuza. Kisha akasema afadhali beberu wake aliliwa harusini kwa mwanawe, na mdomo ukaanza kumcheza. Tumecheka mpaka chai ikapoa. Mke mwema huyu.

Adhabu yangu: kulisha mbuzi wote mpaka Pasaka. Nimekubali papo hapo.

Mchana Filemon amepita. Anasema hedi haina kosa hata kidogo, kosa ni karabureta ya zamani. Sylvanus anazo mbili za mashindano. Hataki pesa. Na mdogo wake Brenda, Doris, ataolewa mwakani.

Isale nilikata majani mawili. La pili nimelitia kwenye maji, lisinyauke. Na ufunguo wa banda la mbuzi sasa ninao mimi.